Sindano Zisizo na Dawa

Mwanangu aliacha kwenda shule kwa sababu ya bega lake la kulia. Nikieleza hivyo watu hudhani alianguka, au kuna mwenzake alimpiga. Hapana. Bega lilikuwa linaruka lenyewe, kama mtu anayefukuza nzi. Kabla ya bega yalikuwa macho, anayapepesa mpaka unachoka wewe unayemtazama. Baadaye ikaja sauti kooni, "hm", fupi, ambayo haikuwa kikohozi. Alikuwa darasa la nne. Asubuhi moja alivaa sare, akanywa chai, akarudi kitandani na viatu vyake miguuni, akasema haendi tena shule mpaka vitu hivyo viishe.

Nilidhani ni utani wa siku moja. Wiki ilipoisha yupo tu hapa nyumbani Buswelu, anachambua mchele na bibi yake, niliogopa. Mtoto huyu ana kichwa kigumu, na hakukitoa mbali. Nilijua akisema haendi, haendi, na miezi ingepita hivyo hivyo mpaka wenzake wamwache nyuma.

Tulianza hospitali, kama inavyotakiwa. Daktari alimpima, akamwuliza maswali mengi ya taratibu, akatuambia si kifafa, si wazimu, wala hauambukizi. Ugonjwa wenyewe unaitwa tiki. Watoto wengi huupata, na wengi unawaacha wenyewe wanapokua. Nikamwuliza utaondoka lini. Akasema hilo hawezi kulijua, tuwe wavumilivu. Sasa mimi nauza vitenge Buzuruga, karibu na stendi. Wateja wangu wanataka jibu kabla basi halijaondoka, na mimi nimezoea kuwapa. Kuambiwa nisubiri kulinishinda.

Ndipo mteja mmoja, mama mpenda maneno, akaniambia habari za daktari wa Kichina aliyeko Igogo, anayetibu kwa sindano. Alitia chumvi nyingi. Kwa maelezo yake, kina mama waliingia pale wakiwa wamebebwa, wakatoka wakicheza. Niligawanya maneno yake mara kadhaa, nikaona kilichobaki bado kinatosha kunipeleka.

Mama mkwe alisema naye anakwenda. Yeye, mama wa mume wangu, ni Msukuma wa vijijini huko nyuma ya Magu, watu wa ng'ombe, na anaishi nasi tangu macho yake yalipoanza kufifia. Mimi ni Mjita, wa kwetu ziwani upande wa Musoma, na kwa miaka yote tuliyokaa pamoja hajaacha kunitania kwamba nilizaliwa na mifupa ya samaki kooni, ndiyo maana nasema ovyo.

"Siwezi kumwacha mjukuu wangu achomwe na mtu nisiyemjua," alisema, akajifunga kitenge kipya.

Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ya kawaida iliyopakwa chokaa. Ndani palinukia majani makavu na mizizi, na mama mkwe alivuta pumzi akaridhika. "Angalau hapa kuna dawa," aliniambia pembeni. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu, mkazi wa nchi hii kwa muda mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Dar. Alimwinamia mama mkwe, "Shikamoo, mama," naye akaitikia marahaba kwa sauti ndefu ya mtu aliyeheshimiwa.

Alimshika mtoto mapigo ya damu kwenye mikono yote miwili, kwa vidole vitatu. Akamwambia atoe ulimi. Kisha akatueleza kwamba katika tiba ya kwao, kurukaruka kwa namna ile ni upepo uliomo mwilini, na chanzo chake ni ini. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali. Mimi nilijiuliza upepo umeingiaje kwenye ini.

"Siwaahidi," alisema daktari. "Wengine wanapungukiwa. Wengine inapungua, halafu inarudi. Na ya hospitali msiyaache."

Sindano zilikuwa nyembamba kama unywele. Alizichoma utosini, nyuma ya shingo, kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, na kati ya vidole vya miguu. Mtoto alifumba macho kwa ile ya kwanza, kisha akayafumbua kwa mshangao, akasema haziumi, ni kama ganzi tu. Bega lilitulia. Nilisali kwa Kijita, kama nifanyavyo nikitaka Mungu aharakishe. Mwishoni daktari alimbandika mbegu ndogo masikioni kwa plasta, akamfundisha kuzibonyeza, akatupa na majani ya kuchemsha.

Tulipofika nyumbani na kuketi, mama mkwe alianza.

"Yule amechoma," alisema. "Hajaweka kitu."

"Hajaweka nini, mama?"

"Dawa. Amemchoma mtoto kila mahali, halafu akachomoa sindano zake akaweka kando. Nimesikiliza. Hakupaka chochote."

Kwao mtu akichanjwa, wembe ni wa kufungua tu. Dawa hupakwa pale pale damu inapotokeza, na hiyo ndiyo tiba. Kumfungua mtu ngozi ukamwacha hivyo ni kazi ya nusu, na nusu iliyobaki anaweza kuikamilisha yeyote mwenye nia mbaya. Nilimwambia Wachina wana utaratibu wao. Akasema sawa, kwa shingo upande, nami kwa ujinga wangu nikaamini ni sawa.

Tuliendelea kwenda Igogo. Bega likapungua. Kweli lilipungua, niliona kwa macho yangu, na moyo wangu ukaanza kupanga habari za shule. Lakini nikawa naona pia madoa meusi kwenye shuka, upande wa miguuni. Jioni moja niliwahi kufunga duka. Nikamkuta mama mkwe kakaa mkekani, miguu ya mjukuu wake iko mapajani mwake, na kibakuli cha samli iliyochanganywa na unga mweusi wa mzizi uliochomwa. Alikuwa anapapasa kati ya vidole akiuliza, "Ni hapa? Au hapa?" na mtoto anamwelekeza, huku akimsimulia hadithi ndefu sana ya kuku wa jirani. Sikuwa nimemsikia akiongea hivyo kwa miezi.

Badala ya kusikiliza, nilipanda mori. Nilisema vidonda vikioza nani atajibu, nilisema hii si Magu, nilisema mengi.

Mama mkwe alifuta mikono yake polepole. "Mimi nimemalizia tu alipoishia mwenzangu," alisema.

Tuliporudi kwa daktari nilimshtaki mama mkwe kwake. Mtoto alikuwa amelala kitandani na sindano zake. Daktari hakukasirika. Alimwomba mama mkwe asipake kitu juu ya ngozi iliyochomwa, kwa sababu uchafu unaweza kuingia.

"Sasa dawa itaingiaje?" aliuliza mama mkwe.

"Kwetu sisi, mama, dawa imo mwilini tayari. Sindano inaiamsha tu."

"Iliwekwa na nani?"

Daktari alifungua kinywa, akacheka, akaniangalia mimi kana kwamba nina jibu. Basi tukaanza kubishana, kwa adabu lakini kubishana, juu ya kilicholituliza bega. Mama mkwe alisema hapakuwa na mabadiliko mpaka alipoanza kupaka. Daktari alisema majani ya kuchemsha huchukua muda kufanya kazi. Mimi nami nikakumbusha kwamba kuna watu walikuwa wanasali. Kila mmoja alikuwa na sababu yake na kila mmoja alikuwa anaitetea.

"Bado lipo," mtoto alisema kutoka kitandani.

Tukamtazama.

"Nini kipo?" niliuliza.

"Bega. Halijaisha. Huwa nalizuia."

"Unalizuiaje?"

"Nalishika tu kwa ndani. Nikija hapa nalizuia. Wewe ukirudi kutoka dukani nalizuia. Mkiona limetulia mnafurahi." Alikuwa anatazama dari. "Kwa bibi huwa naliachia, kwa sababu haoni vizuri."

Mama mkwe alishika ukingo wa kitanda. Daktari alisogea taratibu, akachomoa kwanza sindano ya shingoni, kisha zingine moja moja, akamwambia, "Haya, liachie."

Akaliachia. Bega likaruka, likaruka tena, na sauti ikatoka kooni, "hm, hm," mfululizo, mpaka machozi yakamtoka, na sisi watatu tumesimama tu.

Ilipotulia alikaa, akajifuta. "Kulizuia kunachosha kuliko kuruka," alisema. "Jumatatu naenda shule. Nikingoja liishe nitazeeka nyumbani na bibi."

Daktari alimwambia kwamba mlango uko wazi akitaka kurudi, na asipotaka pia ni sawa. Mama mkwe alitoka bila kuuliza habari za dawa.

Jumatatu alivaa sare, akanywa chai, akatoka. Mimi na mama mkwe tulimfuata mpaka getini. Hatukuwa tumepanga, miguu ilitupeleka tu. Alipiga hatua chache, akageuka, akatukuta tumesimama tumemkodolea macho, hata yule ambaye yake hayaoni.

"Msinitazame," alisema.

Tukageuka. Watu wazima wawili, nyuso zetu ukutani kama waliopewa adhabu. Tulimsikia akishuka njia ya mawe, viatu vyake, na "hm," na viatu, na "hm" nyingine kwenye kona ya kwa jirani. Niling'ang'ania kusikia. Sauti ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, mpaka nikawa sisikii kitu, na sikujua kama imekoma au ni yeye ameshafika mbali.

"Mama," nilimnong'oneza mkwe wangu, kwa kuwa masikio yake ni mazuri kuliko yangu, "bado unaisikia?"

"Usiniulize," alisema, uso wake bado uko ukutani. "Mwache aende."