Kakakuona na Sururu ya Baba

Nilipokuwa mtoto wa kufukuza kuku, kazi yangu kila kiangazi ilikuwa kukaa juu ya mwamba nyuma ya nyumba na kulinda matobolwa. Mama alichemsha viazi vitamu, akavikata vipande na kuvianika pale juu vikauke, ili viwe chakula chetu hadi mvua zirudi. Mimi nilipewa fimbo ndefu na kuonywa nisisinzie. Kuku walikuja kwa zamu kama askari. Mbuzi walikuja wakijifanya wanapita tu.

Tuliishi kijijini, nje kidogo ya Kagongwa, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni na sukari vilikuwa vitu vya kusimuliwa. Kiangazi kimoja nyumbani hakukuwa na amani. Msimu uliopita mvua ilidondoka kidogo ikaondoka, mtama ukatoka mwembamba, na Baba akaanza kuisikiliza mno midomo ya rafiki yake Lufunga. Lufunga alikuwa amekwenda Geita mara moja, kuchungulia tu, akarudi na habari kwamba kule watu wanachimbua dhahabu kama sisi tunavyochimbua viazi. Baba akanunua sururu mpya, akaisimamisha ukutani karibu na kitanda chake, na kutangaza kwamba pamba ikishauzwa atakwenda.

Bibi, mama yake Baba, alikataa kabisa. Mwanaume mwenye ng'ombe na shamba haendi kujifukia ardhini kama kuhe, alisema, yaani kama fuko. Baba hakubadili nia, na Bibi akaacha kusema naye. Tangu siku hiyo maneno yake yote kwa Baba yalipitia kwangu, hata kama wameketi wamegusana magoti. Bibi aliniambia nimwambie baba yangu ugali unapoa. Nilimgeukia Baba nikamwambia ugali unapoa. Baba aliniambia nimwambie Bibi kwamba ameona. Nilikuwa nachoka kuliko posta.

Mama hakuulizwa kitu na upande wowote. Yeye alikuwa akichambua pamba chini ya banda, safi huku, fifi yenye madoa kule, toka asubuhi mpaka jua linaposhuka, na kama alikuwa na maoni kuhusu Geita aliyachambua humohumo.

Basi asubuhi moja, jua likiwa bado halijawa kali, niliona kitu cha mviringo kwenye ukingo wa mwamba. Nilidhani ni jiwe lililobingirika, ila mawe ya kwetu hayana magamba. Nikakigusa kwa fimbo. Kikajikaza zaidi, kama mtu anayevutiwa shuka. Nikapiga kelele nikimwita Bibi, naye akaja akinigombeza njia nzima, akidhani nimeachia mbuzi tena.

Alipokiona alifungua kilemba chake, akapiga magoti, akapiga makofi polepole na kukiamkia kwa Kisukuma kama mtu anayemwamkia mkwe. Kisha akasubiri kidogo, kana kwamba ataitikiwa.

"Limi," akaniambia kwa sauti ya chini, "huyu ni kakakuona. Ila usimtaje jina. Sema mgeni. Na usicheke."

Kabla ya hapo sikuwa na hamu yoyote ya kucheka. Tangu aliponikataza, tumbo langu zima lilijaa kicheko, na siku ile yote nilitembea nikijiuma midomo.

Bibi alinieleza kwamba mgeni wa namna hii hatafutwi. Huja mwenyewe kwenye kaya ya watu wenye jambo zito. Akija huwekewa vitu mbele yake, na kile atakachokiendea ndicho kitakachotawala mwaka. Akienda kwenye maji, mvua ipo. Akienda kwenye nafaka, ni mavuno. Akienda kwenye mkuki, watu waanze kuaga. Alipokuwa msichana alimshuhudia mmoja akiyaendea maji, na mwaka ule mvua ilinyesha mpaka vyura wakaingia jikoni.

Habari haikuhitaji kupelekwa na mtu. Uwanja wetu ulijaa. Akaja Mzee Jilala, jirani yetu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote kijijini na aliyeziba sikio moja kwa pamba hata wakati wa joto. Akaja Lufunga. Kaka yangu Shija aliwarudisha ng'ombe njiani kabla hawajanywa maji, akasema wao pia wana haki ya kujua. Mgeni alibebwa ndani ya ungo na kuwekwa katikati ya uwanja, bado amejikunja. Bibi akapanga mbele yake kata ya maji, ungo mwingine wa mtama, na mkuki wa marehemu babu, ambao ulikuwa umelegea mpini ikabidi uegemezwe kwenye kinu.

Ndipo Baba akatoka ndani na sururu yake, akailaza pembeni mwa mtama.

Bibi aliniita nimwambie baba yangu kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mgeni aliyewahi kuwekewa sururu. Baba akaniambia nimwambie Bibi kwamba tangu dunia iumbwe hakukuwa na Geita. Watu waligawanyika. Wengine waliona ni utovu wa adabu, wengine waliona kama jambo lililo mbele ya kaya ni safari, basi safari nayo iwekwe. Mzee Jilala akaombwa aamue. Ilibidi aelezwe mara ya pili upande wa sikio zima, kisha akasema mgeni si mjinga, asichokitaka atakiacha.

Tukaanza kusubiri. Kusubiri kakakuona si kazi ndogo. Alikuwa ametulia kabisa, na jua likapanda. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kwa sauti, kukohoa wala kuondoka, kwa sababu anayeondoka huondoka na bahati. Watoto wadogo walijikojolea wakiwa wamesimama. Ng'ombe walilia kiu nje ya uzio wa minyaa. Lufunga, aliyekuwa amevaa shati lake zuri la tetroni, alilowa mgongo mzima. Baba alisogea kidogo kidogo, akidhani haonekani, akaisukuma sururu kwa kidole cha mguu ikawa karibu zaidi na mgeni. Bibi naye akapita kama anafukuza inzi, na alipokwisha kupita kata ya maji ilikuwa mbele ya sururu. Wakaendelea hivyo, mama na mwanawe, bila kutazamana, mpaka maji na sururu vikawa karibu kumgusa yule mnyama, na mkuki ukabaki peke yake nyuma kama mtu asiyealikwa.

Katika hali hiyo ndipo mbuzi wetu mwenye pembe moja alipopita kati ya miguu ya watu akala mtama.

Hakuna aliyethubutu kumpigia kelele. Alikula kwa utulivu, kisha akanywa maji ya kata, akainua kichwa na kututazama mmoja mmoja. Mwanamke mmoja aliuliza kwa kunong'ona kama hiyo nayo inahesabika. Lufunga akasema maana yake iko wazi, mavuno yote yatakwenda na mvua yote itaisha, heri watu wakimbilie Geita. Bibi akasema, bila kupitia kwangu, kwamba mbuzi si mgeni, mbuzi ni mwizi, na atakayemsikiliza mbuzi na yeye ni mbuzi. Mimi nilijibana mdomo kwa mikono miwili. Shija alinikanyaga ili nisicheke, na kwa kunikanyaga akacheka yeye, ikabidi akimbilie nyuma ya zizi.

Mtama na maji vilikuwa bado vinajazwa upya pale mgeni alipojikunjua.

Sijawahi kuusahau mwendo wake. Alisimama kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, mkia unafuata, akatembea taratibu kama mzee anayetafuta mahali alipoweka ugoro wake. Aliikaribia kata ya maji. Nilimsikia Bibi akivuta pumzi. Akaipita. Akaupita na mtama. Akasimama kwenye sururu, akakinusa chuma chake kutoka huku mpaka huku, akatoa ulimi mrefu mwembamba ambao uliwashangaza watu wote. Uso wa Baba ulifunguka. Lufunga aliinua mikono apige makofi.

Mgeni akaigeuzia sururu mgongo, akakata uwanja, watu wakampisha, akaenda moja kwa moja mpaka bandani kwenye pamba. Mama alikuwa ameketi palepale alipoketi tangu asubuhi. Hata siku ile hakuacha kazi, maana pamba ilikuwa inangojewa. Kakakuona alifika miguuni pake, akazunguka kidogo, akainamisha kichwa na kuingia chini ya pindo la kitenge chake.

Mama hakupiga kelele. Alibaki ameshika donge la pamba hewani.

Watu wote wakamtazama Mzee Jilala. Mzee Jilala alifikiri muda mrefu, na nadhani alikuwa hajui, ila mtu wa umri wake hawezi kusema hajui mbele ya kijiji. Akasema mgeni amekwenda kwa mwenye nyumba. Basi mwenye nyumba aseme.

Bibi, aliyekuwa hapendi kupitwa na neno, akamgeukia mkwewe na kumwambia kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia ikienda upande huo, "Mama Shija, tunakusikiliza."

Mama alitazama pamba, akatazama uwanja mzima wa watu, akamtazama Baba.

"Kama anataka kuchimba, achimbe," alisema. "Ila achimbe pale mbugani, kwenye ule mtaro niliomwonyesha. Nimechoka kwenda kuteka maji lamboni."

Baba alifungua mdomo. Mzee Jilala akainua fimbo, Baba akaufunga. Nadhani hapo ndipo Mama alipogundua kwamba hakuna atakayemkatiza, kwa sababu aliendelea. Alisema paa la jiko liezekwe kabla ya mvua, si baada. Alisema Shija arudishwe shule, ng'ombe wachungwe kwa zamu na kaya za jirani. Alisema Bibi na mwanawe waanze kusemezana wenyewe, kwa kuwa mtoto amekonda. Akafikiri kidogo, akasema na Lufunga aturudishie plau yetu aliyoazima.

Kisha akarudi kwenye pamba yake.

Wazee walimwinua mgeni kwa heshima, wakamtia kwenye tenga na kumrudisha porini, ng'ambo ya malisho tuliyokuwa tunayatunzia mifugo. Bibi aliwasindikiza akipiga vigelegele, ingawa maji yake yalikuwa yamepuuzwa. Plau ilirudi jioni ileile. Lufunga aliiburuta mwenyewe, bila salamu.

Baba alichimba. Alichimba kwa hasira, kwa ile sururu mpya, na kila aliyepita njiani alimwuliza kama dhahabu imeonekana. Siku za mwanzo aliwajibu. Baadaye alikuwa ameshazama kiasi cha kutoonekana, kikawa kinasikika kishindo tu na matusi madogo madogo. Aligonga mwamba, akahama hatua chache, akaanza upya. Mama alimpelekea uji. Ilifika siku Shija, aliyekuwa akivuta udongo kwa kamba, aliona ndoo imepanda na tope. Baba alitoka shimoni amejaa udongo mpaka kope, akaenda bandani alipokuwa Mama, akamwonyesha viganja vyake vilivyolowa. Mama aliviangalia, akampa kitambaa.

Mwaka ule mvua zilichelewa mno. Lambo lilikauka likabaki nyufa, na watu wa kaya nyingi wakawa wanakuja kwetu na ndoo toka alfajiri. Hapo kila mtu akawa na maelezo yake. Bibi alisema mgeni aliipita kata kwa sababu alijua maji yenyewe yako chini. Baba alisema watu wasisahau kwamba mgeni alisimama kwanza kwenye sururu, tena akainusa yote. Mzee Jilala alisema yeye alijua tangu mwanzo. Lufunga, aliyekuwa amekwenda Geita peke yake, alirudi na redio isiyo na betri na kikohozi, akanywa maji yetu kata mbili mfululizo, akasema kule maji ni machungu.

Mimi nilikua, nikasoma, nikapata kazi Shinyanga mjini, nikajenga mtaa wa Ngokolo. Huko nilikuja kusoma kwamba kakakuona hana haja na mtama wala maji ya kata. Chakula chake ni sisimizi na mchwa, na huwafuata kwa pua. Mama alipokuja kunitembelea, akiwa mzee tayari, nilimweleza jambo hilo nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua siri. Alinisikiliza huku akimenya karanga.

"Sisimizi walikuwepo," alisema. "Walikuwa wamejaa kwenye miguu ya lile banda. Walikuwa wananiuma tangu asubuhi."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Nani aliniuliza habari za sisimizi? Waliniuliza habari za nyumba."

Tulicheka mpaka karanga zikamwagika. Baadaye, alipokwenda kulala, sikuendelea kucheka. Niliwaza miaka yote aliyokuwa ameketi kwenye pamba ile huku wengine wakibishana juu ya kichwa chake, ninyi mwataka hiki, sisi twataka kile, na mimi nikikimbia katikati na ujumbe wa watu wawili bila kumbebea yeye hata neno moja. Sijui kama yule mnyama alijua lolote. Siwezi kumwambia Bibi kwamba hakujua, hata sasa Bibi akiwa kaburini. Ninachojua ni kwamba siku ile kijiji kizima kilinyamaza kikamsikiliza mama yangu mpaka alipomaliza, na kwamba walifanya hivyo kwa kuwa waliamini. Kama wasingeamini, wangemfukuza kakakuona bandani, wakaendelea na mabishano yao.