Kasuku Aliyesuluhishwa Kila Ijumaa

Wavulana mia sita walikuwa wakinyamaza Mwalimu Wagih akikohoa. Haya huyasema mwenyewe, tena huyasema mkahawani mbele ya watu waliosoma kwake, na hakuna anayembishia kwa sababu wote wanajua kinachofuata: kwamba bwana huyo huyo, alipostaafu unaibu wa mkuu wa shule, alishindwa na kiumbe chenye uzito wa kopo la nyanya.

Kiumbe chenyewe alikuwa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na jina lake Filfil, yaani pilipili. Waliishi naye ghorofa ya tatu katika mtaa wa Muharram Bey, Iskandaria, yeye na mkewe Bi Insaf. Kwa Wagih, Filfil alikuwa mnyenyekevu kama bi harusi. Aliinamisha kichwa akunwe shingo, alipanda begani akamchambua masharubu, na lozi aliichukua kwenye midomo ya bwana wake bila kumgusa hata ngozi. Kwa watu wengine wote alikuwa mshenzi. Alimng'ata Bi Insaf kidole gumba. Alimng'ata shemeji yao kisigino, na mama wa watu alikuwa amekaa tu anakunywa chai. Alimng'ata mkwe wao Hatem sikio, na kwa kuwa Hatem ni daktari wa meno, juma zima wagonjwa wake walikuwa wakiitazama ile plasta na kumuuliza kama aliyemng'ata ni mtoto au mtu mzima.

Na Wagih alifurahi. Tuseme kweli kama anavyoisema yeye: alifurahi kupita kiasi. Katika nyumba ambayo hakuna tena aliyesimama akiingia, na ambayo hata uamuzi wa kupika bata au kuku ulifanywa bila yeye, kulikuwa na mmoja aliyemtambua yeye peke yake duniani. Mdomo ulisema, "Aibu, Filfil, aibu!" lakini moyo ulikuwa unapiga vigelegele.

Basi ikawa hivi. Nyumba ile, kama nyumba nyingi za mtaa ule, haikubali watu walale na kinyongo. Wawili wakigombana, mkubwa huwakalisha, huwakumbusha mema yao, huwaamuru wabusiane kichwa, kisha kila mmoja hutiwa kitu kitamu mdomoni ili uchungu wa maneno ushuke nacho. Shuleni Wagih alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wavulana waliotoana damu uwanjani walitoka ofisini kwake wameshikana mikono na kutafuna ufuta wa sukari. Sasa kwa kuwa Filfil alikuwa mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba akimkosea mtu, mzee wa nyumba ndiye wa kubeba dhima, kila alipong'ata mtu, Wagih aliitisha sulhu.

Siku ya sikio la Hatem sulhu ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa Ijumaa, bata yuko mezani, na Hatem ameshika kitambaa chenye damu.

"Haya, Filfil," alisema Wagih, kasuku amesimama juu ya ngumi yake, "mbusu kichwa shemeji yako. Na wewe Hatem, mwanangu, sema umemsamehe."

"Nimemsamehe, ami. Nilimsamehe tangu zamani. Naomba tu asinisogelee."

"La, la, la! Sulhu haifanywi kwa mbali. Wewe ni msomi, yeye ni ndege. Nani mwenye akili?"

"Leo sina hakika, ami."

Wagih alicheka mpaka akakohoa. Akalifungua kopo la lozi, akamtilia Hatem moja mdomoni, akamtilia Filfil mbili, maana mdogo hubembelezwa. Filfil alizipasua taratibu, watu wote wamemzunguka, wote wanamsemesha.

Mahitab, binti yao wa pekee na mke wa Hatem, hakucheka. Wakati ule alikuwa na mimba changa, ya kwanza, iliyokuja baada ya kusubiriwa sana. Mwezi wa sita wa mimba alipiga simu.

"Baba, nimeamua. Arobaini yangu nitakaa kwa mama yake Hatem."

Wagih alidhani hakusikia vizuri. Mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake siku arobaini. Bi Insaf alikuwa ameshafua mablanketi mara mbili na kuyaanika roshani ili jengo zima lione, na alikuwa amenunua uwatu wa kumtosha mzazi na wazazi wa mtaa mzima.

"Kwa sababu gani, mwanangu?"

"Sababu iko begani kwako, baba. Naisikia inapiga mluzi. Mtoto mchanga ana pua kama mbegu ya komamanga. Huyo akimfikia utamwitishia sulhu na nani?"

Wagih alikata simu polepole. Bi Insaf alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote.

"Mimi sina maneno mengi, Haji," alisema. "Mjukuu au ndege. Kama ni ndege, basi wewe na yeye mtafutiane chumba, mimi nitakwenda kumlea mwanangu kwa wakwe. Nikakae kwa watu kama mgeni, nikiulizwa sababu niseme mume wangu ana kasuku."

Ijumaa iliyofuata Wagih alimbeba Filfil kwenda kumuuza soko la ndege. Aliondoka asubuhi na uso wa mtu anayekwenda mazikoni. Adhuhuri alirudi na Filfil yule yule, ndani ya tundu jipya, kubwa zaidi, lenye kengele.

"Lile la zamani lilikuwa linambana," alisema. "Huenda ndiyo sababu ya hasira."

Bi Insaf alimtazama tu. Kuna kutazamwa ambako mtu angeomba heri atukanwe.

Ndipo naibu mkuu akaamua kurejea kazini. Alimkabili Filfil kwa nidhamu. Alimgeuza atazame ukuta. Alimfunika shuka. Alimketisha mbele ya meza akamhutubia juu ya heshima kwa wanawake na wageni, kidole juu, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikizima wavulana mia sita, na Filfil alimsikiliza kichwa upande kwa makini makubwa, kisha akakohoa kikohozi kile kile cha bwana wake. Hotuba ilipokwisha Wagih aliona huruma akampa lozi. Jioni yake Bi Insaf aling'atwa kiwiko.

Lakini safari hii Bi Insaf hakupiga kelele. Alikuwa na sinia la unga mkononi, hakuweza kuliweka, akabaki amesimama anamtazama ndege. Na Filfil, baada ya kung'ata, hakukimbia wala kuvimbisha manyoya. Aligeuka, akatembea mpaka ukingo wa meza, akakaa akilitazama kopo la lozi.

"Haji! Njoo hapa."

"Amekuumiza? Ngoja niwapatanishe."

"Usimpatanishe mtu! Simama hapo hapo. Tazama." Aliweka sinia chini, akamsogezea Filfil kile kiwiko tena. Filfil aling'ata, wala si kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango, kisha akarudi mbio kwenye kopo akamkazia macho Wagih.

"Umeona? Huyu haumi kwa hasira, bwana we. Anauma kwa lozi. Kila akitutoa damu, wewe humkusanyia watu, humpamba kwa maneno, kisha humlisha. Hata mimi ningewauma."

"Lakini sulhu..."

"Sulhu gani! Umemfungulia hoteli."

Wagih alivuta kiti akakaa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa ni hii fulana yake yenye mabaki ya lozi begani. Miaka yote alidhani anafundisha msamaha, kumbe alikuwa na mwanafunzi mmoja tu, na mwanafunzi yule alifaulu vizuri sana. Kisha akamkumbuka kila mvulana aliyepata ufuta wa sukari kwa kumpasua mwenzake mdomo. Akaamua asiendelee kukumbuka.

Tangu siku ile Bi Insaf alishika hatamu. Sheria yake ilikuwa fupi. Filfil aking'ata, asisikie neno wala kicheko, ashushwe na watu wamgeuzie mgongo. Akitulia karibu na mtu, apewe lozi na mtu huyo huyo. Sheria ilikuwa na mvunjaji mmoja. Bi Insaf aking'atwa akanyamaza, sauti ilitoka nyuma ya gazeti: "Aibu, Filfil!" Na Filfil alichangamka, kwa kuwa alichokitaka amekipata.

"Toka," alisema Bi Insaf siku ya tatu.

"Nani, Filfil?"

"Wewe. Nenda mkahawani. Wakati wa kula kwake usionekane humu, na lozi usiziguse. Huwezi kuuzuia mdomo wako, sasa wa kwake tutauzuiaje?"

Mwalimu Wagih, aliyewafukuza wengi darasani, alifukuzwa sebuleni kwake. Alikaa mkahawani akipoteza michezo ya dadu iitwayo tawla, na watu wakimuuliza mbona siku hizi haonekani nyumbani alijibu kwamba nyumbani kuna masomo ya ziada. Mwanzoni aliporudi Filfil alimrukia begani. Baadaye alimpokea kwa mluzi tu. Jioni moja alifungua mlango akasikia kicheko, akadhani mkewe ana mgeni. Alikuwa Filfil, amelala chali kiganjani mwa Bi Insaf, anakunwa tumbo. Wagih hakuwahi katika maisha yake kuruhusiwa kumkuna tumbo. Aliingia chumbani akavua viatu, na alikuwa na wivu mkali, wivu wa kijana, akijicheka na huku unamuuma vile vile.

Mimba ilipofika mwezi wa mwisho, Mahitab alikubali kuja kula chakula cha Ijumaa. "Nije nione kwa macho yangu," alimwambia mama yake. "Akitoka mtu damu, mablanketi yako peleka kwa mama mkwe."

Hatem aliingia amevaa kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka shingoni, na nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Mahitab alikaa mbali, mikono juu ya tumbo. Filfil alikuwa nje ya tundu, kama alivyotaka Bi Insaf, anatembea mezani kati ya sahani ya bata na bakuli la mchuzi wa mulukhia, polepole, mithili ya mkaguzi wa shule. Alimfikia Hatem. Hatem alifumba macho, akamnyooshea lozi kwa vidole viwili. Filfil aliichukua kwa ncha ya mdomo, akaipasua, akarudi akamwegemea mkono.

"Subhanallah," alinong'ona Hatem, akavua kofia.

Wagih alishindwa kujizuia. Si kwamba aliongea, hakuongea. Alinyoosha kidole tu kumwita mpenzi wake, kidole kile kile cha kila siku, akiwa na hakika kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Filfil alikitazama. Kisha akamng'ata kwa nguvu zake zote, mpaka mfupani, na hakuachia upesi.

Wagih alimwona Mahitab akishika ukingo wa kiti kutaka kuinuka, na akafahamu kwamba yote yaliyotafutwa miezi mitatu, uwatu, mablanketi, mjukuu, sasa yako kwenye koo lake. Hakutoa sauti. Alimshusha Filfil mezani kwa mkono mwingine, taratibu, akageuza uso. Bi Insaf alimwangalia mumewe kama ambavyo hajamwangalia siku nyingi, kisha, kwa sababu sheria ni sheria, akamwambia Hatem, "Ongeza wali, mwanangu." Watu wakaendelea kula. Hakuna aliyemwambia pole, wala aliyewapatanisha.

Mpaka hapa ndipo anapoishia mkahawani, na watu hucheka mpaka chai inawatoka puani. Yaliyobaki hayasimulii.

Alikwenda msalani kuosha kidole, na Mahitab akamfuata na plasta, tumbo limetangulia mlangoni.

"Lete mkono," alisema. "Ametoka mtu damu, lakini huyu hahesabiki, amejitakia. Mwambie mama nitakuja."

Wagih aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na maji ya bomba hayakutosha kuyaficha.

"Kinauma hivyo, baba?"

"Kidole hakiumi."

"Basi unamlilia ndege."

"Namlilia. Alikuwa wangu."

Mahitab alianza kucheka, akaacha katikati. "Siku yangu ya harusi hukutoa hata chozi," alisema. "Kila mtu alilia. Mama yake Hatem alilia, dereva alilia. Wewe ulikuwa unapanga watu kwenye magari. Sikuwahi kukwambia, lakini niliondoka na hilo moyoni na ninalo mpaka leo."

Wagih alifunga bomba.

"Nililia kesho yake," alisema. "Nyumba ilikuwa kimya, mama yako amelala. Nikanawa uso, nikaenda soko la ndege."

Mahitab akaanza kukifunga kidole kile, akaizungusha plasta, akaizungusha tena, mpaka ikaisha yote.