Muntu wa mbele mwenye alikatala kucheka

Nimechoka na hii habari. Kila ninapopita Kikula, mu Likasi yetu, kuko muntu ananiita "eh, weye wa kilio", na kila muntu anaieleza namna yake, kwa hiyo heri minye mwenyewe niieleze mara moja, na haya yangu yote, kisha muniache nipumzike.

Minye, munanijua, napenda bantu ya kuchekesha kupita bukari, ugali yetu. Kapitula (ule comédien wetu, anavaa kapitula, ile suruali fupi, ya mupana sawa kikwembe, kitenge ya mama munene) akicheza Panda, niko Panda, akicheza Kambove, niko Kambove, hata kama juma yote nilikuwa mu matope ya Kamatanda kuosha mawe ya madini na mugongo inaniuma sawa ya muzee. Na sichekake na kinywa tu, nacheka na mwili, napiga miguu chini, mara moja nilivunja kiti ya plastiki na bakanifukuza, nikaendelea kucheka ku dirisha.

Shida, mama ya Mado hakupenda ile kucheka. Mado njo muchumba wangu. Kwabo ni bantu ya Kasai, na kwabo mama bukwe, mama ya bibi, ni kintu ya kuogopa: haumupe mukono, haukule mbele yake, hauketi karibu yake, na kufungula kinywa mbele yake paka meno ya nyuma ionekane, ile ni matusi kabisa. Alishaambiaka Mado: "Ule kijana yako anachekacheka sana. Acha nimuangalie kwanza." Na samedi (jumamosi) ya kufuata Kambo yangu, baba ya baba yangu, njo alipashwa kupeleka mahari. Donc nilikuwa mu examen. Nilikuwa naenda hata kununua sabuni na uso ya kufungwa, sababu sijue nani ananiangalia.

Dimanche mbele ya ile samedi Kapitula akakuja kwetu Likasi, mu salle ya masomo, muchana, bantu banatoka tu ku kanisa, na groupe, mashini ya umeme, inanguruma inje (courant inatoka pale Koni, karibu, lakini inapitaka juu ya vichwa yetu ikienda kusalimia bengine). Nikafika wa kwanza, nikachagula kiti ya mbele kabisa, katikati, pua kwa pua na micro. Njo kosa yangu. Ile kiti tu, hakuna ingine.

Salle ikajaa, Kapitula akapanda, nikafungula kinywa tayari, na nyuma yangu nikasikia muntu anakohoa. Ile kikohozi naijua: kavu, mara mbili, sawa muntu anapiga mulango ya bureau. Nikageuka kidogo. Mama Mado, na bamama babili ya korali, kiti ya nyuma yangu, magoti yake karibu iguse mugongo yangu. (Nilikuja kujua kisha kama Kapitula alikomalea mu kanisa yabo, bamama bote balikuja kumusapota.) Kutoka, mulango ilikuwa nyuma, nilipashwa kupita mbele ya uso yake na kumukanyaga miguu. Kubaki... bon, nikabaki. Nikafunga kinywa, nikakunja mikono, nikaangalia mbele sawa muntu anapigwa picha ya carte.

Na ile siku Kapitula alikuwa na moto. Alianza na ile ya papa mwenye courant ilirudia kwake kisha miezi mingi, akaona nyumba yake na mwangaza, akaona bibi, akaona batoto, akaomba pardon, akatoka, juu alifikiri alikosea mulango. Salle ikaanguka. Na Mama Mado, bandugu, alicheka paka kiti yangu ilikuwa inatetemeka, anapiga mikono, "yo mama, huyu mutoto ataniua". Yeye alikuwa na ruhusa. Minye nilikuwa nauma ulimi, nafikiri kodi, nafikiri jino inaniuma, na machozi ikaanza kushuka juu ya kubana.

Sasa comédien, bantu mia bakicheka habaone. Anaona mumoja mwenye hacheke.

"Papa wa mbele, uko muzima?" Nikatingisha kichwa.

"Ulikuja kuangalia ao ulikuja kulinda kiti?"

Bantu kicheko. Minye jiwe.

"Sasa huyu, bibi yake akitaka kujua kama anafurahi, anaangalia fasi gani?"

Hakuniachilia tena. Aliigiza namna yangu ya kuketi, alinipigia magoti, alinipepea na kofia sawa muntu alizimia, na kila kintu ilikuwa ya kuchekesha kabisa, njo ilikuwa inaniumiza, muntu nilimufuata paka Kambove kwa miguu sasa anacheza juu yangu minye na siwezi hata kutabasamu. Mwisho akashuka na micro, akainama, akaona machozi. Uso ikamubadilika.

"Petit, kuko nini?"

Ningesema nini? Kama mama bukwe iko nyuma yangu? Salle yote ingegeuka kumuangalia, na ile ni mubaya kupita kucheka. Kinywa ikajifungula yenyewe.

"Niko na kilio."

"Na ulikuja huku?"

"Nilikuja nisahau kidogo."

Akauliza pole pole: "Nani alikufa?"

Mama yangu siwezi kumuua. Baba yangu alishakufaka. Nikachagula Kambo, juu yeye kila mwaka anatuaga, asema anakufa, nikaona hata nikimutanguliza kidogo hatakasirika. "Ni Kambo," nikasema, mu micro.

Nilisahau kitu kimoja. Dimanche yenye ilipita, Kambo alikuwa ku nyumba ya Mama Mado, kujijulisha mbele ya mahari.

Nyuma yangu kiti ikaanguka. "Papa yetu wee, juzi tu ulikula kuku kwangu, ulikula paka shingo, ulisema utarudia samedi." Na bamama ya korali bakaingia na wimbo.

Kwetu muntu habamulilie mu salle. Bantu bakasimama, bakatoka, na njia ya kwetu bakaijua, sababu Mama Mado alikuwa anaijua. Kapitula alikuwa mbele, micro bado mu mukono, kamba yake inakokota chini. Nikamushika: "Yaya, mukubwa wangu, sikia, kuko kitu."

"Usiseme, petit. Lia tu."

Ningeenda kumuambia Mama Mado mwenyewe, sivyo? Lakini siwezi kumuongelesha uso kwa uso, na Mado alikuwa ku soko. Ile heshima ilinifunga kinywa mara ya kwanza, sasa ikanifunga mara ya pili. Nikatembea mu kilio yangu sawa mugeni.

Kambo alikuwa mu parcelle yetu, inje ya nyumba, miguu mu basin ya maji ya moto. Akaona bamama banaingia na machozi. Ni muntu ya heshima, Kambo: akatosha kofia, akainamisha kichwa, akaanza kulia nabo. Kisha akaniona.

"Mujukuu, nani alikufa?"

Nikajibu: "Ni weye, Kambo."

Akajiangalia, akashuka na macho paka mu basin. "Lini?"

"Sasa hivi. Ku spectacle."

Kapitula njo alianguka na kicheko wa kwanza, akakaa chini mu vumbi na micro yake, na parcelle yote ikamufuata. Mama Mado hakucheka. Minye nikaelezea Kambo kwa sauti ya nguvu, ili Mama Mado asikie: kiti, kikohozi, meno, yote. Akasikiliza paka mwisho, akafunga kikwembe yake, akaenda kwake.

Samedi ikapita bure. Kambo alikatala kutoka, asema muntu mwenye balimulilia hawezi kupeleka mahari paka bamuletee kuku mweupe ya kufuta yale machozi. Kuku nikaleta. Jibu ya Mama Mado ndiyo haikufika, nikawa nalala mu Kamatanda na mawazo, paka Mado akakuja na maneno yake, neno kwa neno: "Mwambie ule kijana, muntu mwenye anaua kambo yake juu ya kuniheshimia, heshima yake ni ya kijinga, lakini iko nayo. Balete mahari. Na ule marehemu akuje na njaa, niko na kuku ingine."

Mahari ikapita. Bakwe bote banamuita Kambo Marehemu, "Marehemu, ikala hapa, keti na sisi", na anapenda.

Kapitula sasa anaieleza hii habari kila fasi, na bantu banalia na kicheko. Minye bado naendaka, siwezi kuacha. Lakini mbele siketi tena paka nife. Naketi mustari ya mwisho, na kabla ya kufungula kinywa naangaliaka kwanza nyuma yangu. Ni ukuta. Naugusa na mukono, nione kama ni ukuta kweli, kisha nacheka.