Mwisho wa Hadithi ya Ndama

Enzi zetu hadithi haikusikilizwa bure. Tuliilipia kwa vidole gumba. Mavuno yakishaingia, na ule upepo wa Juni wa Sumbawanga ukianza kupenya chini ya mlango, mama alimgawia kila mtu ungo wa mahindi, tukazunguka moto wa jikoni na kupukuchua. Hapo ndipo alipoanza kusimulia. Mahindi yakiisha, na hadithi imefika mwisho. Ukisinzia kabla, kesho usiulize. "Asiyemaliza ungo hana mwisho," alisema, na hakuwahi kumwonea mtu huruma.

Mimi nilikuwa kitindamimba, jikoni kuna joto, tumboni mna ugali wa ulezi na maharage. Nililala kila mara. Hadithi ya mtoto aliyeteremka bonde la Rukwa kumtafuta ndama wa baba yake naijua mpaka pale anapomwona ng'ambo ya mto uliofurika. Yaliyofuata waliyasikia kaka zangu wawili.

Mwalimu mmoja kutoka Mbeya alikuwa mpangaji wetu, chumba cha uani. Naye akawa anakuja kupukuchua ili asikie. Mtu wa chaki yule. Ungo wake ulikuwa haupungui, na mama hakumlegezea sheria. Alisinzia ameegemea ukuta, miwani puani, tukamcheka. Akahama, miaka ikapita, siku moja tukasikia hadithi ya ndama imekuwa kitabu. Ndani mlikuwa na jiko letu, upepo wetu, hata mbwa wetu. Lakini ule mwisho wa mtoto kurudi na ndama huku kijiji kizima kikishangilia aliutunga mwenyewe. Mama aliposomewa alicheka hadi akafuta machozi. "Huyu hakumaliza ungo," akasema.

Kitabu hicho hakijachuja. Kimebadilishwa majalada mara kadhaa, na binti yangu Neema amekisoma mpaka kurasa zinachomoka. Nadhani watoto wanakipenda kwa sababu njaa yake ni njaa kweli, na mtoto anamfuata ndama wake bila mtu mzima wa kumwambia ageuke. Mwezi uliopita Neema aliniuliza, hivi kweli ule mto ulivukika? Kaka zangu tumeshawazika. Mwisho umebaki kwa mama peke yake, na kuna siku mama ananiita kwa jina la marehemu kaka yangu.

Basi nikaagiza gunia la mahindi ambayo hayajapukuchuliwa kutoka Mwimbi. Majirani zangu hapa Milanzi walinishangaa, maana mashine ya kupukuchulia iko mtaa wa pili tu. Jioni tukakaa watatu. Sauti ya mama imekuwa ndogo, ila njia ni ileile: mteremko, joto la Mtowisa kule bondeni, kwato kwenye matope. Neema alimaliza mahindi mawili, akapuliza kidole.

"Baba, si tumrekodi Bibi na simu tu?"

Vidole vya watoto wa siku hizi vimezoea kuteleza kwenye kioo. Akaiwasha simu, akaiweka mapajani mwa bibi yake, akajilaza.

Mimi sikulala. Mgongo uliniuma, nilikuwa nimetoka kazini nimechoka, na sikulala. Mama akamfikisha mtoto mtoni. Maji mekundu, ndama analia ng'ambo. Akanyamaza. Nilipoinua macho, kichwa kilikuwa kimeinama kifuani, hindi bado liko mkononi.

"Mama," nikamwita taratibu.

"Nimechoka, mwanangu. Tutamalizia kesho."

Kesho yake alianza upya, kutoka nyumbani kwa kina mtoto, akalala palepale mtoni. Ndivyo inavyokwenda kila jioni. Katika simu ya Neema, baada ya ndama kulia, husikii kitu ila mahindi yakianguka kwenye ungo. Zamani sisi tulilala, mama akabaki macho. Siku hizi namfunika blanketi, nabaki macho mimi. Ungo naumaliza, na mwisho sina.