Vidole Chini ya Plasta

Juzi nilipita kwenye shule ya zamani, njia ya Mibirizi. Mvua imebandua plasta na matofali mekundu yako wazi. Harufu ya saruji mbichi ikanirudia.

Papa, yaani baba yangu, ndiye fundi aliyeupiga plasta ukuta huo nilipokuwa mtoto, nami nilikuwa nikimpelekea chakula. Siku moja nilimkuta bibi mmoja ameingiza vidole vyake kwenye vishimo vya tofali moja. Nilidhani anausalimia ukuta, nikacheka.

“Fundi, acha tu ile moya,” alisema. “Ni vidole ya papa yangu. Bantu ba zamani baliacha vidole kwa tofali mbichi, kila muntu yake.”

“Maman, benye kazi banataka ukuta musafi,” Papa alijibu bila kumtazama.

Mwiko ukakwaruza. Bibi alisimama mpaka tofali lile likafunikwa, kisha akateremka kilima bila kuaga. Papa hakugusa chakula. Alinawa mikono, akanawa tena, nami nikadhani saruji haitoki.

Juzi nilitafuta vile vishimo. Plasta imeanguka ukuta mzima, isipokuwa pale. Pale Papa aliipiga nene kuliko kwingine kote.