Mwenye Sakafu

Fundi Popo hakuitwa hivyo kwa sababu ya kutembea usiku. Saa mbili alikuwa anakoroma. Jina lilitokana na karakana yake, kibanda cha hatua tano kwa tatu nyuma ya nyumba, ambamo kila chombo kilining'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti: misumeno, nyundo, randa, hata kopo la misumari. Mgeni akiingia bila kuinama alitoka na nundu, na fundi alimpa pole akiwa amegeukia ukutani kuficha kicheko.

Kibanda kilikuwa cha watu wawili. Mwaka walioanza shamba, mkewe alitaka mahali pa kuweka mahindi na pa kuku kuatamia. Yeye alitaka mahali pa kutengenezea majembe, viti na matoroli. Mabati yalitosha kibanda kimoja. Walinuniana siku tatu, ya nne mke akakata shauri.

"Kuanzia magotini kushuka chini ni kwangu," alisema. "Juu kote ni kwako."

Mume akatazama juu, akaona nafasi ni kubwa na haina mwenyewe, akakubali haraka mke asije akageuza maneno. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi amesimama, meza yake ikiwa ubao wa bawaba ukutani, magunia yakimbana visigino. Sharti lilikuwa kali. Chochote kilichoanguka sakafuni kilikuwa mali ya mke mpaka akirudishe mwenyewe, na alikuwa na raha ya pekee ya kuokota msumari na kuuliza, "Huyu naye ameingia kwangu kwa ruhusa ya nani?"

Kisha ngazi ikateleza. Fundi alikuwa anabadilisha bati la banda la ng'ombe, akaanguka, nyonga ikavunjika. Alilazwa wiki saba. Daktari alimwambia atatembea kwa magongo, lakini habari ya kusimama kutwa aisahau.

Akiwa kitandani fundi alipiga hesabu yake. Juu hafiki tena, na chini si kwake. Binti yake mkubwa, ambaye ndiye anayeendesha shamba siku hizi, alipokuja kumtazama alisema mavuno yamekuwa mengi hata hawajui pa kuyaweka.

"Jazeni kibanda," fundi alisema. "Vyombo mpeni mjomba wako."

"Sawa, baba," binti akajibu, tena upesi mno. Upesi ule ulimuuma kuliko nyonga.

Siku aliyorudi nyumbani aliomba kiti chake kigeuzwe, akae akikipa kibanda mgongo. Mkewe alimwacha amalize chai.

"Mzee, kuna kuku anaatamia kibandani. Twende ukamwone."

"Kuku nimeona wengi."

"Huyu hujamwona."

Akajikongoja na magongo yake akinung'unika njia nzima. Mlangoni aliinamisha kichwa kwa mazoea, akaingia, akasimama.

Sakafu ilikuwa tupu, imefagiliwa. Magunia yalikuwa juu, yamelala kwenye mbao zilizopigwa kutoka boriti hadi boriti. Kuku alikuwa ndani ya kikapu kilichofungwa kwenye ndoano ya msumeno mkubwa, akimtazama fundi kwa dharau. Katikati palikuwa na kiti cha chini na meza ya jikoni iliyokatwa miguu. Kamba zote zilikuwa zimeongezwa urefu, na vyombo vyake vilining'inia kukizunguka kiti.

Fundi akaketi. Akanyoosha mkono, akakutana na nyundo. Akanyoosha mwingine, akapata randa. Hakulazimika kujivuta hata kidogo.

"Nani alipima?"

"Mimi. Nimekaa hapo wiki nzima nikinyoosha mikono, binti yako akifunga kamba. Majirani walidhani nimerukwa na akili."

"Mikono yako mifupi, wewe."

"Nilivaa shati lako," mke akasema. "Pale mkono wa shati ulipoishia ndipo tulipofunga."

Fundi akashika kopo la misumari ili mikono iwe na kazi, akalivuta kwa nguvu mno, na msumari mmoja ukaruka, ukalia sakafuni. Kwa mazoea ya miaka yote akamtazama mkewe, akingoja auokote na kumsimanga.

Mke akakunja mikono kifuani.

"Usiniangalie mimi. Siku hizi nakaa juu, na kuku wangu."

Fundi Popo akajifuta macho kwa kiganja, bila kujificha. Kisha akainama pale pale kitini, mkono ukafika chini, akauokota msumari wake mwenyewe.