Wajumbe Walielewana

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Nukta alilipwa mshahara wa kuwinda makosa ya watu wengine. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, na kila kitabu cha shule, kila kalenda na kila tangazo la msiba lililotoka pale lilipita kwanza chini ya kalamu yake nyekundu. Jina la utani alipewa na wapiga chapa, siku aliyosimamisha mtambo mzima, kurasa elfu mbili zimeshatoka, kisa nukta iliyokosekana mwisho wa sentensi. Walimnunia wiki nzima. Nukta ikawekwa.

Huyo ndiye mtu aliyekuja kuambiwa kwamba amepoteza nusu ya kiwanja kwa neno moja.

Kiwanja chenyewe kilikuwa ekari nne za ardhi ya wazi, kati ya ukuta wa shule na mtaa wa nyumba za ghorofa tatu. Nusu ya juu ni mteremko wa mawe na vichaka, mahali pa mbuzi na wapenzi wenye magoti mazuri. Nusu ya chini ni tambarare ya nyasi, na kijito chembamba kinapita pembeni. Zamani kidogo pale pote palianza kugeuka jalala, ndipo wakazi wakaunda chama cha kupalinda, na chama kikaunda bodi ya watu sita, wote wa kujitolea. Kwa asiyejua, kujitolea ni kufanya kazi bure na kulaumiwa kama mwenye mshahara.

Bodi ilikutana Jumamosi saa kumi jioni kwenye stoo ya Mama Dawa, mwenye duka la dawa, ambaye ndiye makamu mwenyekiti. Walikalia maboksi ya dawa ya kikohozi. Alikuwepo fundi bomba, ambaye hakuwahi kuja na mikono mikavu, na wajumbe wawili waliokuja wakikumbuka. Bi Nukta alikuwa katibu. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu tu, hata waliokuwa hawajawahi kusoma kwake.

Mwalimu hakupigisha kura hata siku moja. Miaka arobaini ya kusimama mbele ya mistari ya wanafunzi ilimwachia mazoea ambayo hakuna dawa kwenye stoo ile ingeyatibu. Akishamaliza kusema huuliza, "Tumeelewana?" na hatulii mpaka asikie kwaya ikiitikia, "Tumeelewana!" Nao waliitikia, watu wazima wenye wajukuu. Fundi bomba alikiri kwamba siku moja nusura asimame na kuongeza "Ndiyo, Mwalimu."

Basi Bi Nukta naye, kila ajenda ilipofika mwisho, aliandika kwenye daftari la kumbukumbu: Wajumbe walielewana. Toroli jipya linunuliwe, wajumbe walielewana. Nyasi zikatwe kabla ya mvua, wajumbe walielewana. Mbuzi wa jirani apewe onyo, wajumbe walielewana. Miaka tisa. Aliipenda sentensi ile kwa sababu ilikuwa fupi, safi, na haikuhitaji hata mkato.

Kitu kimoja tu kilimfanya avumilie maboksi yale ya dawa, nacho ni mume wake. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa mikono na mizaha, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kulia. Daktari alisema atembee kila siku, lakini atembee mahali tambarare. Sasa mtaa ule wote ni ngazi, makorongo na vifuniko vya mitaro vilivyoibwa. Mahali pekee tambarare palikuwa nusu ya chini ya kiwanja. Kila asubuhi Bi Nukta alimshika mkono mpaka kwenye nyasi, kisha akamwachia, naye akaenda na mkongojo wake mpaka kijitoni na kurudi. Mwaka wa kwanza alifika nusu ya njia. Mwaka wa pili alifika na kurudi bila kupumzika.

"Maisha yangu yote nimepandisha watu na kushusha watu," alipenda kusema. "Leo mwenyewe nataka tambarare tu, na hata hiyo naigombania."

Afisa mipango wa ofisi ya mji alikuja stoo Jumamosi moja na ramani imekunjwa kwapani. Kijana wa watu, mpole, anasema "samahani" kila baada ya maneno matatu. Aliikunjua ramani juu ya maboksi akawaonyesha nusu ya chini ya kiwanja ikiwa imepakwa rangi ya kijivu: maegesho ya malori. Alieleza kwa dakika arobaini. Hakuna aliyemkatiza, maana wote walikuwa wamelelewa kwamba mgeni hakatizwi. Fundi bomba alikuwa anatafuna shavu lake kwa ndani. Bi Nukta aliandika, lakini kwenye ile rangi ya kijivu alimwona mume wake na mkongojo wake.

Afisa alipomaliza, Mwalimu alikohoa. "Haya. Mgeni wetu ameeleza vizuri, tumemsikia. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" wakaitikia wote, kwa mazoea tu.

Afisa akatabasamu, akakunja ramani yake, akaaga. Hakuwa hata amefika kona, Mama Dawa akapiga boksi kofi. "Malori? Hapa? Labda wapite juu ya mgongo wangu!" Wakapandisha sauti wote kwa pamoja, wakakubaliana kuandika barua ya pingamizi. Lakini kikao kilikuwa kimeshafungwa, na Bi Nukta hakuwahi kuandika maneno yaliyosemwa baada ya kufungwa kikao. Kwenye daftari ilibaki: Afisa alieleza mpango wa maegesho katika nusu ya chini ya kiwanja. Wajumbe walielewana.

Kikao kilichofuata kumbukumbu zilisomwa kwa sauti. Mwalimu aliuliza kama kuna marekebisho. Hakukuwa na marekebisho. Wakatia saini wote sita, na nakala ikapelekwa ofisi ya mji kama ilivyo kila robo mwaka.

Barua ya pingamizi ilikwenda pia, kurasa mbili za moto mtupu, na Bi Nukta aliisahihisha mwenyewe. Jibu likaja na sentensi moja ya maana: pingamizi lenu linapingana na makubaliano yaliyomo kwenye kumbukumbu zenu, njooni mjieleze.

Siku ya kujieleza walikutana katika ukumbi wa ofisi ya mji, ghorofa ya pili. Kwenye korido Mwalimu alimvuta Bi Nukta pembeni.

"Ukiulizwa, sema uliteleza kalamu."

"Sikuteleza, Mwalimu. Uliuliza, mkajibu, nikaandika mlichojibu."

"Mimi nilikuwa namaanisha kama tumemsikia."

"Najua ulichomaanisha. Hata mimi nilimaanisha hivyo."

"Basi sema ulikosea. Wewe ukisema ulikosea, wataliona ni kosa la uandishi tu, yatakwisha. Au unataka mzee wako akatembelee wapi?"

Hapo alimshika pabaya. Bi Nukta, ambaye hakuwahi kukubali kosa asilolifanya hata kwa meneja wa kiwanda, alisimama mbele ya mama wa miwani aliyekuwa akisikiliza mapingamizi, akasema, "Lilikuwa kosa langu. Nilitakiwa kuandika kwamba wajumbe walisikia maelezo. Nikaandika walielewana."

Mama wa miwani alimtazama kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali. Mbele yake palikuwa na nakala za miaka tisa, zimebandikwa vikaratasi vya njano.

"Toroli lilinunuliwa?"

"Lilinunuliwa."

"Hapa mmeandika walielewana. Walikuwa wamekubaliana?"

"Ndiyo."

"Nyasi zikakatwa?"

"Zilikatwa."

"Hapa pia walielewana. Nimehesabu mara mia moja na kumi na nne, mama, na mara zote maana yake walikubaliana. Hii ya mia moja na kumi na tano ndiyo iwe na maana nyingine?" Akafungua ukurasa mwingine. "Kazi yako ya zamani ilikuwa nini?"

"Msahihishaji."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Nimesoma kumbukumbu hizi zote. Sikuona kosa hata moja. Nisamehe, lakini siamini kwamba wewe ulikosea."

Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na ilimkata kama wembe. Alitaka kusema ukweli sasa, kwamba ni kwaya, ni mazoea ya darasani, ni neno lenye sura mbili, moja ya mdomoni na moja ya karatasini. Akageuka kuwatafuta wenzake wasimame waseme, "Sote tulijibu." Mwalimu alikuwa anafuta miwani yake. Mama Dawa alikuwa anatafuta kitu ndani ya mkoba. Fundi bomba aliangalia dari kama anayekagua bomba linalovuja.

Pingamizi likatupwa. Baada ya wiki tatu mabati yakasimamishwa kuzunguka nusu ya chini, na kifusi kikaanza kumwagwa juu ya nyasi. Mume wa Bi Nukta alianza kutembea ndani ya nyumba, kutoka mlangoni mpaka kwenye friji, hatua kumi na moja, anageuka kwa tabu, hatua kumi na moja. Hakulalamika. Mizaha ndiyo iliyokoma, na mguu ukaanza tena kuburuta kama zamani.

Mtaani watu wakataka kujua nani kauza kiwanja. Wakamfuata Mwalimu mpaka nyumbani. Ndipo asubuhi moja Mama Dawa akabisha kwa Bi Nukta, ana bahasha mkononi na haraka usoni.

"Dada, Mwalimu anaomba uipitie hii kidogo kabla haijachapwa. Ni ya kubandika kwa wakazi. Si unatujua, bila jicho lako sisi tutaaibika."

Kila barua ya bodi ilipitia kwake, hivyo hakuna aliyefikiri mara mbili kabla ya kuileta na hii. Bi Nukta alivaa miwani akaketi mezani. Ilikuwa aya tatu. Bodi inasikitika. Bodi ilipinga mpango huu tangu mwanzo. Nusu ya kiwanja imepotea kutokana na kosa liliyofanywa na katibu, kama alivyo kiri mwenyewe mbele ya ofisi ya mji, na bodi imemwondoa kuanzia leo.

Alisoma mpaka mwisho, akarudi mwanzo. Mama Dawa alikuwa amekumbuka kilichoandikwa mle, na sasa alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Wanasemaje?" mume wake akauliza kutoka kwenye friji.

Akamsomea. Mzee alikuja mpaka mezani na mkongojo wake. "Mrudishie hivyo hivyo," akasema. "Usiguse hata herufi. Waache watu wasome na makosa yao, wajue ni akina nani."

Bi Nukta alikuwa ameshafungua kalamu nyekundu. Pembeni mwa karatasi palikuwa na nafasi ya kutosha: *sote sita tulijibu, sote sita tulitia saini.* Maneno saba tu. Alikuwa na hasira ya kuyaandika, na mkono ulishuka mpaka karibu na karatasi. Lakini msahihishaji haongezi maneno ndani ya barua ya mtu. Ndivyo alivyofundishwa akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, na ndivyo alivyowafundisha waliomfuata: maana ni ya mwenye barua, yako ni herufi.

Kwenye *liliyofanywa* akafuta *yo* akaweka *lo*. Akaunganisha *alivyo* na *kiri*. Akaweka nukta mwisho wa aya ya tatu, ambapo walikuwa wameisahau.

"Ni hayo tu?" Mama Dawa akauliza, sauti ndogo.

"Ni hayo tu. Mengine yako sawa."

Jioni ile ile barua ilibandikwa kwenye kila mlango wa mtaa, na wa kwake mmojawapo, na haikuwa na kosa hata moja.